Kivuko cha Iviani

Tulia, Kitui
3 Juni 2025

Kwa Mwenyekiti wa Kikundi cha Mwethya,
Mwanyani, Makueni

Shikamoo,

Hatujuani. Mimi naitwa Najma Jabiri. Mama yangu ndiye mwenye tanuri la mikate hapa Tulia, na ile mikate inayofika kwenu kwa pikipiki ya Mutisya hutoka mikononi mwetu. Kwa hiyo hata kama wewe hunijui, tumbo lako linanijua.

Nina shida na daraja. Kila mwaka huwa tuna mbio za kutoka Tulia hadi Tawa, kilomita sabini hivi, kwa njia za miguu tu, si barabara. Mwaka huu kazi ya kutafuta njia nimepewa mimi, na ni mara yangu ya kwanza. Mbio ni Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Sasa mafuriko ya Aprili yamekula nguzo ya daraja la Mwanyani na likafungwa, hata kwa mtu wa miguu. Nilienda nikajionea. Wameweka mapipa na miiba, na katikati pana ufa ambao mtoto anaweza kutumbukia.

Niambie basi, wewe unayekaa hapo: watu wa Mwanyani siku hizi wanavuka wapi? Nilimuuliza Mutisya akanijibu, "Mungu ni mwema." Najua Mungu ni mwema, lakini pikipiki si malaika. Anatoka hapa alfajiri, na kabla watu hawajamaliza chai amesharudi. Nasikia mikate huwafikia ikiwa bado ina moto. Anapita wapi huyu?

Nikikosa njia kabla ya Julai kwisha, mbio zitafutwa, na mimi nitabaki yule msichana aliyepewa kazi moja ikamshinda. Nisaidie, tafadhali.

Nimeandika barua kwa sababu Mutisya ananiambia simu yako haishiki mtandao mpaka upande kilimani na mbuzi.

Wako,
Najma Jabiri


Mwanyani
9 Juni 2025

Kwa Najma wa mikate,

Bwana asifiwe. Nimeona jina lako nikawaza kama hiyo ni salamu yako, lakini ndiyo niliyo nayo, basi ipokee. Shikamoo yako nimeiitikia marahaba kwa sauti hapa mlangoni, mbuzi wakageuka kunitazama. Shikamoo huku kwetu tunaisikia kwa redio.

Mimi ni Kavindu, mama Mulei, mwenyekiti wa mwethya. Kama huko mjini mmesahau mwethya ni nini, ni sisi akina mama, na wazee wawili ambao huja chakula kikiiva. Leo tunalima kwako, kesho kwangu, na kiangazi tuko mtoni tukijenga ukuta wa mawe wa kushika mchanga. Sheria yetu ni moja tu: hapiti mtu penye mwethya mikono mitupu. Hata chifu akitupata kazini hubeba jiwe moja, akaliweka, ndipo asalimie.

Hizo mbio zako zimenikosesha raha. Kilomita sabini! Nani anawafukuza? Na wakifika Tawa wanafanya nini, wananunua kitu? Mtu mwenye akili akienda Tawa anarudi na kitu.

Kuhusu daraja, nitakuambia ukweli: sisi hatulilii. Malori ya mchanga yalikuwa yanapita hapo kama siafu. Mto wetu juu ni mkavu, maji yamejificha ndani ya mchanga, na kiangazi ukichimba unayapata. Mchanga ukibebwa, maji nayo yamekwenda. Mwaka juzi nilichimba mpaka kichwa changu hakionekani kutoka juu, na sikupata hata tope la kupaka mdomo. Tangu daraja lifungwe hakuna lori. Mwaka huu natia mkono hadi kiwiko, naona maji! Ni kweli kupeleka ndengu zangu sokoni kumekuwa kazi, lakini nyumbani sufuria inajaa.

Njia nyingine hakuna. Zungukeni kilima cha Ngungani. Huyo Mutisya ana pikipiki nzuri tu.

Mbio zisiwe Jumapili.

Ni mimi,
Kavindu mama Mulei


Tulia
20 Juni 2025

Mama Mulei mpendwa,

Salamu yako nimeipokea kwa mikono miwili, na mama yangu anakusalimu pia. Anauliza kama mikate ya Jumanne haikuwa na chumvi nyingi.

Hakuna anayewafukuza. Nimejaribu kumweleza hata bibi yangu ikashindikana. Mtu anataka tu kujua kama anaweza. Na wakifika Tawa hawanunui kitu, wanalala chini kando ya soko, na watu wa soko wanawaruka kwenda kupima maharagwe.

Ngungani nimeizunguka. Mama Mulei, wewe umewahi kupita huko au ulikuwa unanipima? Njia inaongeza karibu kilomita ishirini. Hakuna maji, hakuna kivuli, miiba inashika nguo kama konda asiyetaka ushuke. Kucha moja ya mguu nimeiacha huko huko. Mchungaji mmoja wa mbuzi aliniona nikipanda, akaniuliza nimepotezwa na nani. Nikimpitisha mkimbiaji pale baada ya kilomita arobaini, atarudi nyumbani kwa machela.

Lakini hivi. Nikirudi, kabla ya kufika darajani, niliona alama za kwato za punda kwenye vumbi. Kwato mbichi, zina unyevu, zinakata kushoto nyuma ya makonge kuelekea mtoni. Na kando yake mstari mmoja wa gurudumu. Najua sura ya tairi la Mutisya, ni mimi humsaidia kulijaza upepo.

Punda wenu wanakwenda wapi?

Kuuliza si ujinga, au siyo?

Najma


Mwanyani
27 Juni 2025

Kwa Najma,

Punda ni wa mama Ndunge, na ni wajinga. Wanakwenda popote.

Huko nyuma ya makonge usiende. Kuna chatu. Mwaka jana alimeza mbuzi mzima na kengele yake, tukawa tunasikia kengele inalia tumboni siku mbili. Waambie wakimbiaji wako hivyo hivyo.

Ngungani si mbaya, mtu akizoea. Huko juu kuna upepo mzuri na unaona hadi Kitui. Mtu akikimbia bila kufukuzwa, kilomita ishirini zaidi zinamdhuru nini?

Mikate ya Jumanne haikuwa na chumvi nyingi. Ilikuwa sawa. Mwambie mama yako ile ya Ijumaa ndiyo ilikuwa tamu sana, tulikula mtoni na chai ya rangi, tukiwa tumekaa kwenye ukuta.

Barikiwa,
Kavindu


Tulia
8 Julai 2025

Mama Mulei,

Usinikasirikie. Jumapili nilikuja. Nilijua mko kanisani, nilisikia nyimbo tangu kule darajani, na sauti moja juu ya zote nikasema hii lazima ni ya mwenyekiti.

Nilifuata kwato. Chatu wako nilimkosa, labda na yeye alikuwa kanisani.

Lo! Kumbe mlikuwa mmeficha kitu kizuri hivi! Ule mwamba umelala kutoka ukingo hadi ukingo kama sakafu iliyomwagwa na fundi. Pande zote mbili mchanga ni laini unameza mguu, lakini pale juu ya jiwe unatembea bila hata kuinua sketi. Niliona na ukuta wenu, umeanza vizuri, upande mmoja umepanda na upande mwingine bado uko chini. Bibi mmoja aliyebaki na wajukuu aliniambia mahali panaitwa Iviani, yaani penye jiwe. Nilimuuliza watu wanapita hapo siku zote? Akacheka, akaniambia tangu babu yake.

Nilifurahi hata nikaimba. Nilifunga tepe nyekundu na nyeupe kwenye miti kutoka barabarani mpaka mwambani, moja kila baada ya miti michache, mtu hawezi kupotea hata akiwa na usingizi. Nikapima njia kwa simu, na jioni nikaiweka ramani kwenye ukurasa wetu wa mbio: "Njia mpya imepatikana, daraja halihitajiki tena!" Watu wameipenda mno. Wengine wanaisambaza hata hawakimbii.

Nimeshangaa kitu kimoja tu. Kwa nini hukuniambia? Nilidhani tumeanza kuwa marafiki.

Najma


Mwanyani
12 Julai 2025

Najma,

Leo sisalimu.

Alhamisi malori mawili yameteremka Iviani. Yalifuata tepe zako. Dereva wa kwanza alikuwa na njia yote ndani ya simu, akanionyesha mwenyewe, akacheka akasema, "Asanteni mama kwa kutuwekea alama." Asanteni! Wakavuka juu ya mwamba, wakaingia mchangani kwa upande wa kwetu, wakajaza, wakaenda. Pale walipochota ndipo kisima changu kilikuwa. Sasa ni shimo. Nimechimba chini yake nimepata vumbi la kuchekesha. Leo tumekwenda kuteka kwa kisima cha mama Ndunge, naye hakusema neno, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Uliniuliza kwa nini sikukuambia. Basi sikiliza. Huu mto hauvukiki kwa gari popote ila darajani na Iviani. Daraja likifunguka tutajua la kufanya, hilo liko barabarani na watu wanaliona. Lakini Iviani hakuna dereva aliyeijua. Ndiyo maana kiangazi chote tunajenga ukuta juu ya ule mwamba: ukishika mchanga, maji yatakaa, na tena mwamba wenyewe ni mwembamba, ukuta ukisimama juu yake lori halina pa kukanyaga. Tutaacha njia ya punda na ya pikipiki ya Mutisya, basi. Lakini mawe yako mbali, kule machimboni juu ya makonge, na sisi hatufiki ishirini, na vijana wetu wako Nairobi, na wengine Kambu kwenye barabara kuu. Mvua ya Oktoba ikitukuta chini hivi itabomoa hata tulichojenga. Na kabla ya mvua, hayo malori yatakuwa yamemaliza mto.

Ningekuambia hivi tangu Juni ungeelewa, najua. Mficha uchi hazai. Mimi nikaona heri nikutishe na chatu. Nilikuona mtu wa mjini mwenye simu, nikaogopa simu. Na si ilikuwa kweli?

Nimekasirika sana. Nimeandika hii barua mara mbili, ya kwanza niliwashia moto.

Kavindu


Tulia
14 Julai 2025

Mama Mulei,

Nilimsoma Mutisya usoni kabla hajanipa barua. Nimelia, sikufichi, nimelia mbele ya wateja.

Jana nilikuja na kuzitoa tepe zote, hata ile iliyopeperuka ikanasa kwenye mkonge. Sikuthubutu kubisha hodi kwako. Ramani nimeifuta. Lakini ramani ikishaingia kwenye simu za watu ni kama harufu ya mkate, huwezi kuirudisha tanurini.

Ulinieleza kuhusu mchanga na maji katika barua ya kwanza kabisa. Nimeirudia. Yote yapo, na mimi niliyasoma nikiangalia punda tu.

Mbio hazitapita Iviani. Nitawapeleka Ngungani, na wakikataa nitazifuta. Nimeshaanza kuandika tangazo. Nisamehe, mama, kama unaweza.

Najma


Mwanyani
26 Julai 2025

Kwa Najma, mwanangu,

Bwana asifiwe. Hasira imeshuka. Lori moja limekuja tena Jumatano, tukakaa juu ya mwamba sote na masufuria yetu tukakataa kutoka, likarudi. Lakini hatuwezi kukaa hapo kila siku, tuna mashamba.

Usifute mbio. Tulikutana baada ya ibada tukazungumza, na mwethya imekubali: wapitishe Iviani. Njia wameshaijua watu wabaya, mbona wazuri wakatazwe?

Ila nina maswali, na unijibu yote, usiruke hata moja. Ni watu wangapi? Wanafika kwa pamoja au mmoja mmoja? Wakifika kwetu wameshachoka sana, au bado wana nguvu? Wanawake wapo? Hao wakimbiaji mikono yao ikoje, ina nguvu, au ni ya kupepea tu? Wanaweza kuinama? Mtu wa mbio akisimamishwa kidogo anakufa?

Kitu kingine. Usiwateremshe moja kwa moja nyuma ya makonge. Wapitishe kwanza juu, pale machimboni, halafu ndipo washuke mwambani. Ni mzunguko mdogo tu. Kule ni pazuri, kuna kivuli.

Wasije na tepe. Tutasimama sisi wenyewe tuwaonyeshe.

Kavindu mama Mulei


Tulia
6 Agosti 2025

Mama Mulei, mama yangu,

Sijui niseme asante mara ngapi. Tangazo nimelichana.

Majibu yako haya hapa. Watu ni kama mia tatu. Hawafiki pamoja: wa kwanza anafika asubuhi, wa mwisho mchana kabisa, wengine wamejikokota. Nguvu bado wanakuwa nazo, kwenu ni katikati ya safari. Wanawake wapo, wengi, na usiwachezee. Mikono sijui! Kwa nini mikono? Mbio ni za miguu, mama. Kuinama wanaweza, hufunga kamba za viatu. Akisimamishwa hafi, analalamika tu.

Njia nimeipitisha machimboni kama ulivyotaka. Kivuli nilikitafuta sikukiona, lakini nimekwishajifunza kutobishana nawe kuhusu vilima.

Safari hii kitabu cha sheria nimekiandika mimi, na sheria ya kwanza ni hii: mkimbiaji atamsikiliza mwenyeji wa njia. Nimeiandika kwa ajili yako. Mimi siku hiyo nitakuwa Tawa kwenye utepe wa mwisho, sitakuona, na hilo linanisikitisha.

Una jambo, mama Mulei. Nalisikia hapa hadi Tulia.

Najma


Tulia
1 Septemba 2025

Mama Mulei,

Uliwafanya nini watu wangu?

Nilisimama Tawa nikisubiri. Wa kwanza alifika mapema kuliko mwaka wowote, shati lake la njano halina hata doa, nikaruka nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Halafu kimya. Nikatazama barabara, hakuna mtu. Nikafikiri wamepotea, nikafikiri chatu!

Baada ya muda mrefu ndipo akaja wa pili, Kitheka, huyu huyu wa hapo Tawa. Kifua chote kimejaa vumbi jekundu, mikono imekwaruzika, na anacheka peke yake. Nikamuuliza kuna nini? "Muulize mama wa pale mtoni." Wa tatu vivyo hivyo. Akaja mwalimu mmoja wa kike kutoka Wote, vidole vina saruji, analia na kucheka pamoja, ananikumbatia ananichafua. Wote wamechelewa, wote wachafu, na hakuna aliyelalamika! Mimi nimeandaa maji na maneno ya pole, na wao wananiambia mwaka ujao wanataka kurudi.

Na jambo lingine lilinikosesha amani. Akina mama wa soko la Tawa hawakumpigia makofi mshindi. Walimpigia Kitheka, na waliofuata wote hadi yule wa mwisho kabisa aliyekuwa akichechemea. Lakini yule wa shati la njano walimtazama kama mtu aliyekohoa kwenye maombi. Akashika kikombe chake akakaa kando. Mpaka leo hajakiweka mahali.

Nieleze. Sitalala.

Najma


Mwanyani
5 Septemba 2025

Kwa Najma, mwanangu,

Bwana asifiwe, asifiwe tena!

Si nilikuambia tangu Juni? Hapiti mtu penye mwethya mikono mitupu. Sisi Jumamosi hiyo tulikuwa kazini. Kama watu mia tatu wanatupata kazini, kosa ni la nani?

Tulianza kabla ya jua. Mama Ndunge na saruji, wazee wawili kule machimboni wakigawa mawe (safari hii walifika kabla ya chakula), na mimi pale mwambani na leso yangu ya kanisani. Kila aliyeteremka nilimwambia kwa heshima, "Karibu Iviani mwanangu, weka jiwe lako hapa, ndipo upite." Aiya, Najma, ungewaona! Wengine walikuja wameyakumbatia mawe kama watoto wachanga. Yule mwalimu wa Wote aliweka lake, akaomba apewe na kazi ya kulainisha. Mwingine ni daktari huko Nairobi, aliniambia tangu azaliwe hajawahi kujenga kitu. Wengine waliweka wakapanda tena kuchukua la pili. Mikono wanayo! Tulipofika jioni ukuta ulikuwa kiunoni, kutoka ukingo hadi ukingo, na njia ya punda pembeni.

Jumanne lori lilikuja. Lilisimama. Dereva, yule yule wa asanteni, akashuka, akatazama ukuta, akanitazama mimi, akapiga teke jiwe akaumia kidole. Likarudi kinyumenyume hadi barabarani. Nimeimba mpaka mbuzi wamenikimbia.

Mmoja tu ndiye aliyetuharibia siku, na ni yule uliyempigia vigelegele. Alifika wa kwanza, peke yake, mrefu, shati njano. Wazee machimboni walimpa jiwe, akasema hana muda. Mimi nikamsimamia njiani, nikamwambia kwa upole kabisa. Akasema, "Mama, mimi niko mbele." Mbele ya nani? Akapanda juu ya ukuta! Akakimbia juu yake, na ule upande wa mwisho tulikuwa tumemaliza kuulainisha asubuhi hiyo, saruji bado mbichi. Akaacha unyayo wake hapo, mzima, hadi kisigino na mistari ya kiatu. Hakugeuka nyuma.

Ndiyo, niliwapigia simu watu wa Tawa. Nilipanda kilimani na mbuzi nikapiga.

Mkono mtupu haulambwi, Najma. Huyo kijana, mama yake alimlea wapi? Natamani nimwone huyo mama nimwulize.

Wako,
Kavindu mama Mulei


Tulia
9 Septemba 2025

Mama Mulei,

Mama yake ni mama yangu.

Anaitwa Bilal, ni kaka yangu. Sikukuambia nina ndugu kwenye mbio kwa sababu niliogopa watu wangesema nimemtafutia njia fupi. Amefanya mazoezi mwaka mzima, anakanda unga alfajiri, anakimbia, anarudi kuchoma mikate. Nilitaka sana ashinde. Ile ramani pia nilikimbilia kuiweka kwa ajili yake, apate kuijua njia mapema. Hilo nalo lijue.

Barua yako niliifungua hapa kwenye tanuri na nikaisoma kwa sauti, kama ninavyozisoma zako zote, maana nyumba nzima huzisubiri. Nilipofika kwenye shati la njano sauti ilikuwa imeshatoka, sikuweza kuirudisha. Bilal alikuwa ameshika koleo. Masikio yake yakawa mekundu. Mama alinitaka nirudie pale ulipouliza alimlea wapi. Nikarudia. Akaweka sinia chini, akajifuta mikono pole pole.

"Bilal," akasema, "kesho mikate ya Mwanyani utapeleka wewe. Na Mutisya apumzike. Utakwenda kwa miguu."

Kwa hiyo hii barua anayekupa ni yeye. Mfanye unavyotaka. Lakini ni mtu mzuri, mama Mulei, nakuomba umtazame vizuri ukimaliza kukasirika.

Najma


Mwanyani
21 Novemba 2025

Kwa Najma, mwanangu, na nyumba yote ya mikate,

Bwana asifiwe, na mama yako mwambie nimemsalimu kwa jina. Umeningojea sana, najua. Nilitaka kwanza mvua inipe jibu ndipo nami nikujibu.

Kaka yako alikuja na mikate mgongoni, jasho linamtoka. Akanipa barua kwa mikono miwili. Nikasoma mbele yake yote, naye amesimama juani. Sikumkaribisha kukaa. Nilipomaliza nikainua macho nikakuta hayupo, nikasema amekimbia tena! Kumbe amepanda machimboni bila kuambiwa. Akashuka na jiwe kubwa, la kujiadhibu, limemkunja mgongo. Mama Ndunge akaligeuza huku na huku, akamwambia, "Mwanangu, hili haliingii popote. Kalete la saizi ya watu." Tukacheka, na yeye akacheka, ndipo nikamwona uso. Ni uso mzuri kweli.

Alibeba mpaka jua likazama upande wa Mbooni. Tulimpa muthokoi wa mahindi na maharagwe, akala sahani mbili. Nikamwuliza lile swali langu ambalo wewe ulishindwa: "Hebu niambie, ukikimbia hivyo, nani anakufukuza?" Akafikiri. Akasema, "Siku nyingine sijui, mama. Leo ni mama yangu."

Amekuja kila Alhamisi tangu hapo. Hajakuambia? Basi na yeye anajua kuficha.

Mvua imekuja na mto ukashuka kwa hasira, mwekundu, na magogo. Tulisimama kilimani tukishikana mikono. Ukapanda juu ya ukuta ukapita, usiku kucha tunausikia. Asubuhi ukuta uko pale pale, na nyuma yake mchanga mpya umejaa hadi juu. Juzi nimechimba kisima changu mahali pale pale lori lilipochota. Kiwiko, Najma! Sikufika hata kiwiko. Nililia kama mtoto na nikanywa nikiwa bado nalia.

Nasikia daraja litafunguliwa mwakani. Vizuri, ndengu zangu zitasafiri, na malori yakija kwa huko barabarani tutayakuta barabarani. Lakini mbio zako zisirudi darajani. Zipite huku. Ukuta bado unataka mawe, na mimi nimeshazoea wageni.

Ule unyayo wa Bilal uko hapo juu ya saruji. Mafundi wa mwethya walitaka kuuziba, nikawakataza. Mvua ikinyesha unajaa maji, na asubuhi ndege huja kunywa humo. Mwambie kiatu chake ni kikubwa, wanatosha wawili.

Nakutumia chupa moja kwa Mutisya, ni maji ya kisima changu. Mpe kaka yako anywe wa kwanza, ndiye aliyetangulia.

Mama yenu,
Kavindu mama Mulei